Msumbiji na Tufani: Ulinzi wa Pwani Huanza Kabla ya Upepo

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, 2019, tufani iliyopewa jina la Idai iliingia nchi kavu karibu na mji wa Beira, katika mkoa wa Sofala nchini Msumbiji. Kulipopambazuka, simu zilikuwa zimekatika, umeme umezimika, mabati ya nyumba yametawanyika mitaani, na barabara kuu iendayo bara imekatwa na maji. Kwa siku kadhaa mji huo wenye bandari kubwa ulikuwa kama kisiwa. Serikali ya Msumbiji ilikuwa imekwisha kutangaza tahadhari nyekundu tarehe 12 Machi, yaani zaidi ya siku mbili kabla upepo haujafika. Hata hivyo hesabu ya serikali ilionyesha kuwa watu 603 walipoteza maisha nchini humo, na wengine zaidi ya milioni moja na nusu waliathirika.

Nchi hiyo haikuwa mgeni wa tufani. Ilikuwa na sera, ilikuwa na sheria, ilikuwa na chombo maalumu cha kushughulikia maafa, na onyo lilikuwa limetolewa. Hapana budi basi kuuliza: ni kitu gani kilichokosekana kati ya onyo lililotolewa Maputo na mvuvi aliyelala nyumbani kwake ukingoni mwa mto Buzi? Jibu halipatikani katika usiku ule mmoja. Linapatikana katika historia ya miaka zaidi ya 40, na historia hiyo inawahusu sana watu wa majeshi na polisi, kwa kuwa ndio wanaotumwa pale maji yanapojaa.

Kwanza yafaa ieleweke jinsi nchi yenyewe ilivyokaa. Pwani ya Msumbiji ina urefu wa zaidi ya kilomita 2,400, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi mpaka wa Afrika Kusini. Mbele yake kuna mlango-bahari wenye maji ya moto unaoitenganisha na Madagaska, na maji hayo ndiyo yanayozipa tufani nguvu kati ya Novemba na Aprili. Nyuma yake kuna mito mikubwa itokayo nchi nyingine: Zambezi, Limpopo, Save, Buzi na Pungwe. Mvua inayonyesha Zimbabwe au Malawi humalizikia Msumbiji. Kwa hiyo mwananchi wa pwani hushambuliwa kutoka pande mbili, upepo na mawimbi kutoka baharini, na mafuriko kutoka bara. Tena mafuriko hayo huweza kufika siku kadhaa baada ya upepo kutulia, wakati watu wanapodhani kuwa hatari imekwisha kupita.

Beira ina taabu yake ya pekee. Bahari ya mbele yake haina kina kirefu, na tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 6. Sehemu kubwa ya mji iko chini ya usawa wa maji yanapojaa. Mji haukujengwa pale kwa sababu ya usalama wa wakazi wake. Mwishoni mwa karne ya 19 wakoloni wa Kireno, kwa njia ya Kampuni ya Msumbiji, walitaka bandari na reli ya kuhudumia mashamba na machimbo ya bara, na mwaka 1898 reli hiyo ilifika Umtali, mji unaoitwa leo Mutare. Gati na nyumba za wakubwa zilikingwa kwa kuta na mifereji. Wafanyakazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya bandari waliachwa wajenge vibanda vyao katika mabonde ya matope kama Munhava. Mkoloni alipoondoka aliacha ramani ambayo ndani yake maskini anakaa mahali maji yanapotangulia kufika, na ramani hiyo haijafutika hata leo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni, 1975, chini ya uongozi wa FRELIMO, chama kilichozaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Serikali changa ya Rais Samora Machel haikupewa muda wa kupumua. Mwaka 1977 mto Limpopo ulifurika, na mwaka uliofuata ukafurika Zambezi. Kutokana na maafa hayo, mwaka 1980 iliundwa idara ya kuzuia na kupambana na maafa ya asili, iliyojulikana kwa herufi zake za Kireno kama DPCCN. Jina lake lilitaja kuzuia, lakini kazi iliyoikuta ilikuwa nyingine kabisa. Vita vya Renamo vilikuwa vimepamba moto, ukame ukaja na njaa, na Januari 1984 tufani Domoina ikapiga kusini na kuua watu zaidi ya 100. Idara ikageuka kuwa shirika la kusafirisha chakula. Malori yake yalikwenda kwa kusindikizwa na askari, na mengine yalichomwa njiani.

Askari wa Tanzania waliotumwa Msumbiji katika miaka hiyo ya 1980 kusaidia kulinda nchi hiyo dhidi ya Renamo waliyaona mambo hayo kwa macho yao. Katika vita serikali haiwezi kumwambia mwananchi ahame bondeni kwa sababu ya mvua itakayonyesha kesho, ikiwa kijiji cha mlimani anakotakiwa kwenda kinaweza kuvamiwa usiku. Vita ilizuia mipango ya kinga kwa miaka 16, na ikawazoesha viongozi na wananchi kuamini kuwa maafa ni jambo la kusubiriwa, kisha kuombewa misaada.

Amani ilitiwa sahihi mjini Roma tarehe 4 Oktoba, 1992. Miaka saba baadaye, mwaka 1999, serikali ilipitisha sera ya taifa ya kusimamia maafa, na badala ya idara ya zamani ikaunda taasisi mpya, INGC. Msingi wa sera hiyo ulikuwa kwamba kazi ya serikali ianze kabla ya maafa: kuonya, kuandaa, kuhamisha, na kupanga makazi. Lakini taasisi hiyo haikuwa hata na mwaka mmoja wa uzoefu ilipopewa mtihani ambao ungeishinda hata nchi tajiri.

Mwezi Februari 2000 mvua kubwa zilikuwa zimekwisha kujaza mito ya kusini. Tarehe 22 mwezi huo tufani Eline ikaingia karibu na Beira na kumwaga maji mengine bara. Mito ya Save na Limpopo ikapanda kwa kasi isiyopata kuonekana, miji ya Chókwè na Xai-Xai ikazama, na watu wapatao 700 wakafa. Dunia nzima ilitazama picha za watu waliokwama juu ya mapaa na miti, na mama mmoja akajifungua mtoto akiwa juu ya mti. Helikopta za jeshi la Afrika Kusini ziliokoa watu zaidi ya 14,000, na sifa hiyo walistahili. Lakini jumla ya waliookolewa ilikuwa watu wapatao 45,000, na walio wengi hawakuokolewa na helikopta. Waliokolewa na mashua za wanamaji wa Msumbiji, za zimamoto, za Msalaba Mwekundu, na za wavuvi wa kawaida. Mashua hizo hazikupigwa picha nyingi, lakini zilikuwapo tangu siku za kwanza, kabla wageni hawajafika.

Fundisho la mwaka 2000 lilishikwa vizuri. Katika vijiji vya pwani na vya mabonde ya mito ziliundwa kamati za wananchi za kusimamia hatari ya maafa. Wanakamati walipewa redio, baiskeli, filimbi na vipaza sauti. Ukawekwa mpango wa bendera tatu ambao hata asiyejua kusoma aliweza kuufahamu. Bendera ya buluu maana yake tufani huenda ikafika kati ya saa 24 na 48. Ya manjano maana yake imebaki siku moja au pungufu. Nyekundu maana yake saa 6 au chini yake, na kila mtu awe amekwisha kufika mahali pa kujikinga. Kuanzia mwaka 2006 kikaundwa kituo cha taifa cha kuongoza shughuli za dharura mjini Maputo, chenye matawi mikoani, na kikaundwa kikosi cha ulinzi wa raia, UNAPROC, kinachokusanya askari wa jeshi, polisi, zimamoto na watu wa Msalaba Mwekundu chini ya amri moja wakati wa maafa.

Jambo hilo la amri moja ni kubwa kuliko linavyosikika. Kabla ya hapo kila chombo kilikuwa na mashua yake, mafuta yake, na mkuu wake. Mashua ya jeshi ingeweza kukaa bila mafuta huku mapipa ya chombo kingine yakiwa upande wa pili wa mji, kwa sababu hapakuwa na mwenye mamlaka ya kuyatoa.

Mtihani wa pili ulikuja mwaka 2007. Mto Zambezi ulifurika tena, na tarehe 22 Februari tufani Favio ikapiga Vilankulo. Safari hii zaidi ya watu 100,000 walihamishwa kutoka bondeni, wengi wao kabla maji hayajawafikia. Nyumba nyingi zilibomoka na mashamba yakapotea, lakini waliokufa walihesabiwa kwa makumi, wala hawakufika mamia. Nchi ilikuwa ile ile na umaskini ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba onyo lilikuwa na njia ya kupita hadi kijijini, na kikosi kilikuwa na amri ya kutoka kabla hakijaitwa.

Mwaka 2014 Bunge la Msumbiji lilipitisha sheria ya kusimamia maafa, iliyoipa serikali uwezo wa kutangaza ngazi za tahadhari na kuwaondoa watu katika maeneo ya hatari. Mwaka 2017 ukaanzishwa mfuko maalumu wa fedha za maafa. Mjini Beira kwenyewe mifereji ya kutoa maji ilifufuliwa, na mto mdogo wa Chiveve unaopita katikati ya mji ulizibuliwa na kurudishiwa mikoko yake, kwa kuwa mizizi ya mikoko hushika udongo na kupunguza nguvu ya mawimbi. Mitaa iliyofikiwa na mifereji hiyo ilipona mafuriko kwa urahisi zaidi wakati wa Idai kuliko ile ambayo haikufikiwa.

Kwa nini basi watu 603 walikufa mwaka 2019? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa jambo lenyewe. Idai ilianza kama mvua kubwa iliyofurisha Malawi na Zambezia mwanzoni mwa Machi, ikarudi baharini, ikapata nguvu mpya, kisha ikarejea kwa upepo wenye mwendo wa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Wanasayansi wanaeleza kuwa bahari inayozidi kupata joto huipa tufani maji mengi zaidi ya kumwaga, na kwamba usawa wa bahari unaopanda huyapa mawimbi nafasi ya kufika mbali zaidi. Hivyo mipango iliyopimwa kwa tufani za zamani inakutana na tufani za namna nyingine.

Sababu ya pili ni kwamba watu walioonywa juu ya upepo hawakuwa tayari kwa maji. Wengi walijifungia ndani wakangoja upepo upite. Ulipopita, mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na nchi tambarare ya Sofala ikawa bahari yenye upana wa makumi ya kilomita. Mji mdogo wa Buzi ulizama, na watu wakakaa siku nyingi juu ya mapaa na miti, kama mwaka 2000.

Sababu ya tatu ni kwamba vyombo vya uokoaji vilivyokuwa Beira vilipigwa pamoja na mji. Minara ya simu ilianguka na barabara ikakatika, hata mkuu wa kikosi hakuweza kujua yaliyo kilomita 30 kutoka alipo. Helikopta na mashua za kutosha zilipatikana baada ya siku kadhaa, nyingine kutoka Afrika Kusini, India na nchi za mbali. Tanzania nayo ilipeleka dawa na chakula Msumbiji, Malawi na Zimbabwe kwa ndege ya Jeshi la Wananchi. Misaada hiyo iliokoa maisha ya wengi, lakini aliyekufa maji usiku wa kwanza hakuweza kuingoja.

Kuna na jambo la aibu ambalo historia ya kweli haiwezi kulificha. Mwezi Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa katika maeneo yaliyoathirika waliwataka wanawake watoe miili yao ili wapewe chakula cha msaada. Mwananchi aliyefanyiwa hivyo kambini hatakubali kwa urahisi kuhamishwa mara nyingine. Ulinzi wa gunia la mchele, foleni ya wagawiwa na hema la wajane ni sehemu ya ulinzi wa pwani, na ni kazi ya polisi.

Wiki sita tu baada ya Idai, tarehe 25 Aprili, 2019, tufani Kenneth iliingia mkoa wa Cabo Delgado, karibu na mpaka wa Tanzania. Ilikuwa na upepo mkali kuliko Idai, na katika kumbukumbu za hali ya hewa sehemu hiyo ya kaskazini haikuwa imepata kupigwa na tufani ya nguvu kama ile. Kisiwa cha Ibo kiliharibiwa vibaya. Watu waliokufa Msumbiji walikuwa 45. Hofu ya Idai ilikuwa bado mbichi vichwani, na watu wengi waliondolewa mapema katika sehemu za hatari. Upande wa pili wa Ruvuma, shule na ofisi za Mtwara zilifungwa na wananchi wakaelekezwa mahali pa kujikinga. Tufani haikuingia Mtwara, na wapo waliosema baadaye kuwa wamesumbuliwa bure. Maneno ya namna hiyo ni ya hatari, kwa sababu tahadhari iliyomalizika bila msiba imetimiza kazi yake.

Baada ya mwaka huo Msumbiji iliandika upya sheria yake. Sheria ya mwaka 2020 iliweka mbele kupunguza hatari, na taasisi ya INGC ikageuzwa kuwa INGD, yenye jukumu la kusimamia kupunguza hatari hiyo. Ofisi maalumu ya ujenzi mpya iliwekwa Beira. Maelfu ya watu walipewa viwanja katika makazi mapya ya nchi ya juu, kama Guara-Guara huko Buzi na Mandruzi huko Dondo. Hapo sera ilikutana na ukaidi wenye sababu. Mvuvi aliyepelekwa mbali na bahari hupata kiwanja na kupoteza kazi. Mkulima huona shamba lake la bondeni, lenye udongo wa rutuba, likibaki bila mlinzi. Wengi hurudi bondeni mchana, kisha hulala huko, na msimu wa tufani huwakuta palepale walipoondolewa.

Tufani nazo hazikungoja. Mwaka 2023 tufani Freddy ilipiga pwani ya Msumbiji mara mbili, Februari na Machi, baada ya kuvuka Bahari ya Hindi yote. Desemba 2024 tufani Chido iliingia Mecúfi, Cabo Delgado, na kuua watu wapatao 120. Ikafuatwa na Dikeledi mwezi Januari 2025 na Jude mwezi Machi, zote mbili katika mkoa wa Nampula. Cabo Delgado ni mkoa ambao tangu Oktoba 2017 umekuwa na mashambulizi ya magaidi, na ambako askari wa nchi za Kusini mwa Afrika, wakiwamo wa Tanzania, walipelekwa mwaka 2021. Huko fundisho la miaka ya 1980 limerudi. Mtu aliyekimbia kijiji chake kwa kuogopa bunduki huishi katika kibanda cha turubai, na kibanda hicho ndicho cha kwanza kubebwa na upepo. Anapomwona askari akija kumwambia ahame tena, humtazama kwanza askari huyo ni mtu wa namna gani.

Mambo haya si ya jirani peke yake. Pwani ya Tanzania iko karibu zaidi na ikweta, na tufani huifikia kwa nadra, lakini nadra maana yake si kamwe. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi ikapigwa Aprili 1952, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliingia upande wa Mafia. Watu wasiozoea tufani huwa na hatari ya pekee: hawana kumbukumbu ya babu wala bibi ya kuwafundisha wakimbilie wapi.

Historia ya Msumbiji inaonyesha kuwa kila hatua ya sera yake ilinunuliwa kwa maisha ya watu. Mafuriko ya 1977 na 1978 yalileta idara, gharika ya 2000 ikaleta kamati na bendera, Idai ikaleta sheria mpya. Inaonyesha pia kuwa sheria huishia pale njia ya kupeleka onyo inapoishia. Kwa askari na polisi wa pwani maana yake iko wazi. Mashua zikaguliwe kabla ya Novemba, na mafuta yake yawe na mwenye kuyatoa kwa amri moja. Redio ya kijeshi iwepo ya kutumika minara ya simu inapoanguka. Wananchi waonywe juu ya mto pamoja na upepo. Mali iliyoachwa na waliohama ilindwe, ili kesho wakubali kuhama tena, na anayegusa chakula cha mhitaji ashitakiwe mbele ya watu.

Katika vijiji vya Sofala bendera ya buluu hupandishwa jua likiwa bado linawaka na bahari ikiwa imetulia. Saa hiyo mvuvi huiona kama usumbufu, na mfanyabiashara huiona kama hasara. Ndiyo saa ambayo askari anatakiwa awe amekwisha kufika.